Herufi S

Mji wetu ni mmoja, una majina mawili.
Upande huu Valga, upande ule Valka,
katikati kijito ambacho bata hukivuka
bila kuulizwa pasipoti.
Kutoka kituo chetu cha polisi hadi chao
ni dakika tisa kwa miguu, kumi theluji ikiwa laini.
Nilizihesabu baadaye.

Mimi Urve, karani wa kumbukumbu, meza ya dirishani.
Mwezi Februari niliandika:
Tarvo Hallik, miaka thelathini na minne,
kafukuzwa kazi kwenye machimbo ya chokaa
siku ileile baruti ilipopungua ghalani.
Nikapiga muhuri. Nikapeleka Tallinn.

Wiki hiyohiyo, dakika tisa kutoka kwangu,
Ilgvars, ambaye hata sura yake sikuijua,
aliandika: Tarvo Halliks, kakodi gereji,
analipa taslimu, kaziba madirisha kwa magazeti.
Akapiga muhuri wake. Akapeleka Riga.

Kilatvia kina desturi yake:
mwanamume akivuka mpaka huongezewa herufi,
s moja mwishoni mwa jina,
ndogo kama mkia wa mjusi
unaobaki mkononi mjusi mwenyewe akishaponyoka.
Kompyuta ikaulizwa: hawa ni mmoja?
Kompyuta haina shangazi sokoni. Ikajibu: hapana.

Barua zikapanda, kila moja kwa ngazi yake.
Zikasubiri saini ya mtu aliye likizo,
zikasubiri mfasiri,
zikasubiri nani aombe kwanza, maana anayeomba
ndiye anayekiri kwamba hajui.

Jumamosi ya pili ya Machi
Velta alikuwa akipanga tulipu kwa rangi.
Akasogeza mfuko ulioachwa chini ya meza yake.

Aliishi. Niliandike hilo haraka.
Vidole vitatu havikurudi.

Kidole kimoja hakivunji chawa,
nasi tulikuwa na vidole tele,
kila kimoja na glavu yake,
kila kimoja mfukoni mwake.

Ilgvars nilimkuta kwenye korido ya hospitali,
akiizungusha kofia yake kama usukani.
Akanionyesha karatasi. Nikamwonyesha yangu.
Hatukusema Kiestonia wala Kilatvia,
tulisema Kirusi kibovu cha shuleni,
lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeitaka,
na kwa lugha hiyo tuliona aibu vizuri kabisa.

Siku hizi kila Jumatano navuka kijito.
Kuna kibali, kuna fomu, kuna mwanasheria
anayetaka kujua kila jina limeingiaje.
Mwanzoni nilimchukia.
Kisha Novemba tukamfuata kijana mmoja, Raivis,
wiki mbili: simu zake, mama yake,
saa anayozima taa,
kwa kuwa jina lake lilifanana na jingine
ukilitoa herufi.
Alikuwa fundi wa vinanda.
Mkia uleule; safari hii tuliukamata kwa nguvu
tukadhani tumemkamata mjusi.
Nilimfuta kwa mkono wangu,
nikapiga simu Tallinn, nikapiga Riga,
nikauliza mara tatu kama kweli amefutika.
Kufuta nako ni kupashana habari.

Mwaka huu, Mei, juu ya mkate mweusi,
Ilgvars alikuwa na tarakimu tatu za gari,
mimi nilikuwa na herufi tatu.
Tukaziweka pamoja. Akainuka, hakumaliza chai.

Jumamosi iliyofuata, sokoni, hakikutokea kitu.
Hakuna gazeti lililoandika hakikutokea kitu.
Velta alinifungia tulipu kwa mkono wa vidole viwili,
akalalamikia bei ya mbolea,
akanirudishia chenji pungufu,
nami nikasimama palepale katikati ya watu
nikiihesabu, senti kwa senti,
kama mtu mwenye muda.